Kuchora nyika kavu kwa rangi ya mafuta: mwongozo kamili kutoka vilima vya Georgia O'Keeffe

Mwalimu wa uchoraji wa mandhari hukupa kanuni hii karibu siku ya kwanza: kilicho mbali kipauke, kiwe na ubuluu, kififie. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri Mombasa, Zanzibar au Lushoto, mahali ambapo hewa imejaa maji. Ipeleke jangwani, inakugeuka. Hewa kavu haina ukungu wa kusitiri kitu. Jabali lililo kilomita kumi huonyesha nyufa zake kana kwamba liko nyuma ya uzio wako, na mchoraji aliyezoea kufifisha mambo anaishia na picha inayofanana na asubuhi ya mvua.

Mimi nililijua hilo baada ya kuharibu turubai kadhaa Marafa, lile bonde lililoliwa na mmomonyoko bara ya Malindi ambalo wenyeji huliita Nyari. Mbele yangu kulikuwa na matabaka mekundu, ya waridi, ya machungwa na meupe. Kwenye turubai kukatokea uji. Aliyenitoa kwenye uji huo ni bibi mmoja wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1986 akiwa na miaka 98, nami sikuwahi kumwona ila kupitia kazi zake: Georgia O'Keeffe, mchoraji wa vilima vya New Mexico, jimbo kavu la Marekani.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kushika brashi na anayetaka kuchora nchi kavu kwa namna yake. Ukitumia akriliki mengi yatakufaa pia, isipokuwa pale penye kulainisha rangi, maana akriliki hukauka kabla hujamaliza kuwaza.

Alikuwa anatazama nini?

O'Keeffe alizaliwa Wisconsin mwaka 1887. Alipofika Taos, New Mexico, kiangazi cha 1929, alikuwa na miaka 41 na jina kubwa New York kwa maua yake yanayojaza turubai nzima. Mwaka huohuo akajifunza kuendesha gari, akajinunulia Ford Model A. Mwaka 1934 alifika Ghost Ranch, kaskazini mwa mji wa Santa Fe. 1940 akanunua nyumba hapo, na 1945 akanunua nyingine katika kijiji cha Abiquiú. Mumewe, mpiga picha Alfred Stieglitz, alifariki mwaka 1946, na mwaka 1949 bibi huyu akahamia New Mexico moja kwa moja.

Ghost Ranch ni nchi ya matabaka. Chini kuna mwamba wa tope lililogandamana, mwekundu na wa zambarau, wa enzi za dinosaria wa mwanzo. Mwaka 1947 mifupa mingi ya dinosaria mdogo aitwaye Coelophysis ilifukuliwa humo. Juu yake limesimama genge la mwamba wa mchanga, la njano iliyopauka, na juu ya genge kuna tabaka la jasi la kijivu cheupe. Wekundu wote huo ni chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo.

Usiliruke jambo hili ukidhani ni somo la jiolojia tu. Mwamba wa tope ni laini, mvua chache za huko huuchana ukawa vilima vya mviringo vyenye mifereji kama mikunjo ya kanga. Mwamba wa mchanga ni mgumu, hukatika wima. Ukijua lipi laini na lipi gumu, umekwisha kujua wapi mkono uzunguke na wapi uteremke moja kwa moja. Nyari nako ni hivyohivyo, na kwenye nguzo za Isimila karibu na Iringa pia: angalia kofia ya juu, ndiyo inayokilinda kilichobaki chini yake.

Hatua ya kwanza: kilima kimoja, mara nyingi

Watu wengi hufika mahali papya wakachora kila kitu. O'Keeffe alifanya kinyume. Alikuwa na mlima mmoja, Cerro Pedernal, wenye kichwa bapa na urefu wa mita 3,000 hivi, unaoonekana kutoka nyumbani kwake Ghost Ranch, naye aliuchora mara nyingi kwa miaka mingi. Alikuwa akitania kwamba Mungu alimwahidi kumpa mlima ule iwapo atauchora vya kutosha. Alipofariki, majivu yake yalitawanywa kileleni.

Utani huo una upande wake, tuseme ukweli. Mlima ule ulikuwa na wenyewe karne nyingi kabla yake: kwenye bega lake kuna magofu ya mji wa Watewa, wenyeji wa asili wa huko, na jina lenyewe, Pedernal, ni Kihispania cha jiwe gumegume, lile walilokuwa wakichonga zana. Kwa hiyo kabla ya kufungua sanduku lako la rangi, muulize mwenyeji pale ulipo. Omba ruhusa, lipa kiingilio kama kipo, uliza mahali hapo panaitwaje na kwa nini. Jina la mahali mara nyingi hukuonyesha kitu ambacho jicho lako limekipita.

Baada ya hapo chagua umbo moja tu. Nenda ulitazame asubuhi, adhuhuri na jioni kabla ya kuchora lolote. Saa ya mchana katikati ina mwanga bapa, vilima vinalala. Ndiyo saa ya kukaa kivulini na kuandika. Vivuli vizuri viko mapema na kuanzia saa kumi jioni.

Hatua ya pili: kambi na vifaa

O'Keeffe aliligeuza gari lake kuwa karakana. Alifungua boliti za kiti cha mbele, akakigeuza kikaangalia nyuma, akaegemeza turubai kwenye kiti cha nyuma. Alipata kivuli, kinga ya upepo na mahali pa kuweka rangi. Mahali alipopaita Mahali Peusi, vilima vya kijivu katika nchi ya Wanavajo, wenyeji wengine wa asili, kama kilomita 240 magharibi mwa Ghost Ranch, alipiga kambi na rafiki yake Maria Chabot na kuchora katika baridi na upepo mkali. Aliviona vilima vile kama maili nzima ya tembo, na ukitazama picha zenyewe huoni namna nyingine ya kuvieleza.

Wengi wetu hatuna gari la kufungua viti. Mwavuli mkubwa wa wauza vocha unatosha, lakini uwe mweupe, kijivu au mweusi. Mwavuli mwekundu utakumwagia wekundu kwenye turubai na hutajua kilichokupata mpaka ufike nyumbani. Maji ya kunywa yasipungue lita tatu kwa mtu mmoja. Kofia, kitambaa cha kufunikia paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) upepo ukileta vumbi, na vibanio vya nguo vya kubania kila kitu.

Tapentaini isiachwe kwenye gari lililofungwa juani. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pamoja: mafuta hayo hupata joto yanapokauka na tambara linaweza kuwaka lenyewe. Yatose kwenye kopo la maji, au yaanike moja moja.

Turubai iwe na ufumaji laini. Yeye alipenda uso usio na mikwaruzo ili rangi iteleze bila kizuizi. Ukipata turubai ya kawaida ya dukani, ongeza mipako miwili au mitatu ya jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia turubai, kila mmoja ukikauka uusugue kwa msasa mwembamba. Ni kazi ya kuchosha, lakini sehemu kubwa ya utulivu unaouona kwenye picha zake inaanzia hapo.

Kwa rangi, tyubu saba zinatosha: Titanium White, Yellow Ochre, Burnt Sienna, Venetian Red, Burnt Umber, Cobalt Blue na Ultramarine. Nyeusi iache nyumbani.

Hatua ya tatu: weusi na weupe kwanza

O'Keeffe alifundishwa na Arthur Wesley Dow, mwalimu wa New York aliyewafunza wanafunzi wake kitu alichokiita notan, neno la Kijapani la mpangilio wa giza na mwanga. Maana yake kwa mkono wako ni hii: kabla ya rangi, picha lazima isimame kwa vipande vya giza na vipande vya mwanga peke yake.

Chukua daftari dogo, chora mistatili mitano au sita, kila mmoja mdogo kama kiberiti. Finya macho mpaka vitu vidogovidogo vipotee. Gawa unachokiona katika sehemu mbili tu, nyeusi na nyeupe, ujaze nyeusi kwa kalamu. Usichore kichaka, usichore jiwe. Halafu sogeza fremu: pandisha upeo wa macho hadi juu kabisa, na kwenye mstatili unaofuata uondoe kabisa anga. Katika kazi zake nyingi za vilima anga ni utepe mwembamba tu, vilima vimejaa kuanzia ukingo hadi ukingo kama watu waliobanana kwenye daladala. Huo ndio uchaguzi mkubwa kuliko yote utakayofanya, nao unafanyika kwa kalamu ya shilingi mia chache.

Ukimaliza, weka daftari chini, rudi nyuma hatua kumi. Mstatili unaosomeka ukiwa mbali ndio wa kuchora.

Hatua ya nne: kadi za rangi

Hapa ndipo nilipokuwa nakosea siku zote. Nilikuwa nachanganya rangi nikiangalia turubai badala ya kuangalia kilima. O'Keeffe alikuwa na kadi ndogo alizozipaka rangi, moja moja, za kulinganishia. Kata kadi za karatasi nene, upana wa vidole viwili. Changanya rangi, paka kwenye ncha ya kadi, nyoosha mkono mpaka kadi iwe mbele ya kilima, ufunge jicho moja. Kama ncha ya kadi inapotea ndani ya kilima, umeipata. Kama inaonekana, iko nje, rekebisha. Nyuma ya kadi andika mchanganyiko wake.

Kadi nane kwa picha moja ni nyingi. Mimi hutumia sita: kilima kwenye jua, kilima kwenye kivuli, jabali la nyuma kwenye jua, jabali kwenye kivuli, anga ya juu, anga ya karibu na ardhi.

Vianzio vya kukusaidia ni hivi. Wekundu wa jua: Venetian Red na Burnt Sienna kwa kiasi sawa, kisha nyeupe kidogo kidogo. Angalia, nyeupe haiongezi mwanga tu, inapoza rangi pia, na wekundu wako utageuka waridi ya peremende. Kila ukiongeza nyeupe, rudisha joto kwa Yellow Ochre. Genge la njano: Yellow Ochre, nyeupe, na tone la Burnt Sienna. Kijivu cha Mahali Peusi: Ultramarine na Burnt Umber hutoa weusi mzito, na unaweza kuuvuta upande wa baridi au wa joto upendavyo, kisha ukaufungua kwa nyeupe.

Kivuli cha kilima chekundu si kahawia. Kinapokea buluu ya anga kutoka juu na wekundu wa ardhi kutoka mbele, kwa hiyo kinaelekea zambarau. Chukua rangi ileile ya jua kabla hujaitia nyeupe, ongeza Ultramarine kidogo. Ukiona inakufa, umezidisha. Itie Venetian Red kidogo, itarudi.

Umbali bila ukungu

Hili ndilo lililonifanya niandike yote haya, kwa hiyo nivumilie.

Baada ya kusikia kwamba jangwani hakuna ukungu, utashawishika kusema basi hakuna buluu. Kisha utaona Pedernal ya O'Keeffe, na mara nyingi ni buluu! Kwa muda mrefu nilidhani hapo amerudi kwenye kanuni ya mwalimu. Hakurudi. Tazama mstari ambapo mlima unakutana na anga: umekatwa kama kwa wembe. Rangi ya mlima imebadilika kwa umbali, lakini ukingo wake haujalainika hata kidogo. Kanuni ya shule inataka vyote viwili vififie pamoja, rangi na ukingo. Yeye alivitenganisha. Aliiachia rangi iseme “niko mbali”, huku ukingo ukisema “nakuona vizuri”. Kwenye hewa kavu vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana macho yanastaajabu.

Kwa vitendo: kilima cha mbele na mlima wa nyuma vyote vipewe ukingo mkali sawa. Umbali uoneshe kwa njia tatu nyingine, yaani kitu kukingama mbele ya kingine, ukubwa, na badiliko moja la rangi. Moja tu, si ngazi ya vivuli kumi.

Njia ya kupata ukingo mkali kwa rangi ya mafuta ni kutokutanisha rangi mbili mbichi. Maliza mlima, acha uzi mwembamba wa jeso tupu pembeni mwake, acha ukauke siku kadhaa, kisha leta anga mpaka kwenye mstari kwa brashi bapa yenye nywele laini. Ukitaka siku hiyohiyo, vuta brashi sambamba na ukingo, usivuke, na uifute kila baada ya mpako mmoja.

Marafa pana tatizo lake: bahari iko karibu, na siku nyingine upande wa pili wa bonde unakuja na utando wa unyevu. Usipigane nao. Chora upande wa karibu tu, au subiri asubuhi ya siku iliyofuata mvua, hewa ikiwa imeoshwa.

Kupaka

Chora muhtasari kwa mkaa, mwepesi, maumbo makubwa tu, kisha upulize vumbi lake. O'Keeffe hakuwa mtu wa kupaka juu ya alichopaka. Alikuwa akijua anachokitaka kabla ya kuanza, akaenda sehemu baada ya sehemu. Kwa hiyo usifunike turubai nzima kwa rangi ya awali halafu urudi. Anza na kilima kimoja, kimalize, uhamie cha jirani.

Kila rangi na brashi yake. Ukisafisha brashi moja siku nzima, kufikia jioni rangi zote zina ukoo. Kwenye mikunjo ya kilima, weka rangi ya jua upande mmoja na ya kivuli upande mwingine, kisha kwa brashi pana, laini na kavu kabisa, pitisha kwa wepesi kwenye mpaka wao kama unayefuta vumbi kwenye kioo cha simu. Mara tatu zinatosha. Ya nne itaharibu.

Rangi ya chini iwe na tapentaini zaidi, ya juu iwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, ya juu itapasuka. Na ukiona mahali pametulia, ondoka.

Mifupa, ukitaka

Nchi ile haikuwa na maua ya kumtosha, hivyo O'Keeffe aliokota mifupa, na mwaka 1930 akasafirisha pipa zima hadi New York. Kutoka humo zikaja kazi kama fuvu la ng'ombe juu ya nyekundu, nyeupe na buluu la 1931, na ile ya 1935 iliyoko Brooklyn Museum, ambapo kichwa cha kondoo dume mwenye pembe kubwa kinaelea angani na ua jeupe kando yake, vilima vikiwa vidogo chini. Siri ni kwamba ameondoa katikati. Kuna karibu sana na kuna mbali sana, hakuna njia ya kutembea kati yake. Mfuatano wake wa picha za mifupa ya nyonga, wa miaka ya 1943 hadi 1945, unaenda mbali zaidi: unatazama anga kupitia tundu la mfupa. Watu walivisoma vitu hivi kama mauti. Yeye aliviona vyenye uhai kuliko wanyama wanaotembea, na nadhani tumwamini, maana hakuna hata mfupa mmoja humo uliochorwa kwa huzuni.

Kwetu, usiokote fuvu la mnyamapori. Kenya na Tanzania zote zinahesabu mfupa au pembe hiyo kuwa nyara, na bila kibali ni kesi. Nenda buchani uombe kichwa cha mbuzi au ng'ombe. Kiloweke kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, badilisha maji kila baada ya siku chache mpaka nyama iachie yenyewe. Harufu yake ni kali. Iweke ndoo mbali na majirani kama unapenda amani. Usikitie jiki, inaula mfupa ukawa kama chaki. Kuung'arisha tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, kisha uanike.

Kuikausha picha na kuitunza

Picha isifunikwe vanishi kabla ya miezi sita hadi kumi na miwili. Iweke ikiangalia ukuta, mbali na jiko na vumbi. Zinc White usiitumie katika tabaka za chini. Ikikauka huwa ngumu na hukatika. Baadhi ya kazi za O'Keeffe zenyewe zimeota vipele vidogovidogo, kwa sababu metali zilizomo kwenye rangi zinaungana na asidi za mafuta na kutengeneza aina ya sabuni inayosukuma uso kutoka ndani. Wataalamu wa jumba lake la makumbusho Santa Fe, lililofunguliwa 1997, wamekuwa wakilichunguza jambo hilo pamoja na Chuo Kikuu cha Northwestern.

Limebaki suala la saini. O'Keeffe kwa kawaida hakuweka jina mbele ya picha, aliona linaharibu. Unapotaka kujua kama ni yake, igeuze: wakati mwingine nyuma yake kuna nyota ndogo, na ndani ya nyota herufi mbili, OK. Tafuta alama yako, iandike nyuma kwa penseli pamoja na tarehe, saa ya siku na jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita.